Kiti cha Maharimu

Kabla vita havijawala vijana wa mji wa Husni, chuo cha wahudumu wa magari ya wagonjwa kilikuwa cha madume matupu. Askari waliochoka na uaskari, watoto wa madereva, vijana wa milimani wenye vifua vipana, hao ndio waliojaa darasani. Walibeba machela kwa mkono mmoja ili wenzao waone, wakacheka mpaka vioo vikatikisika, na alasiri ikifika kila shavu lilikuwa limejaa mirungi. Mwanamke aliyeonekana pale alikuwa yule anayefagia. Kisha vita vikaanza kuchagua. Mwaka huu unakuta viti vitupu mstari wa nyuma, mwaka ujao vitupu mpaka katikati. Huyu kapelekwa mpakani, yule kavuka kwenda Saudia kutafuta riziki, na wengine wako chini ya udongo wa mji wao wenyewe. Mkurugenzi akalitazama darasa lake lililotobokatoboka akasema: haya, waiteni wanawake.

Leo wakubwa wakija kutembelea huambiwa theluthi mbili ya wanafunzi ni wanawake, nao hupiga makofi. Mie sikatai kwamba ni jambo jema. Haja ilikuwepo tangu zamani, maana wanawake wa vijijini wamekufa wengi mlangoni kwao, mume kasimama kizingitini kakataa mwanamme wa nje asimshike mkewe. Lakini nataka mtu mmoja tu, mmoja, asimame mbele ya wageni wale aseme kwamba viti vile havikuachwa wazi kwa hiari. Hasemi mtu. Makofi matupu.

Nabiha alikuwa mmoja wa wanawake hao. Mjane wa miaka thelathini na kitu, mama wa mabinti wawili, Arwa na Hanan. Mumewe, Nashwan, alisomea chuo kile kile enzi za madume. Siku moja alitoka asubuhi kwenda kuokota majeruhi, na jioni akaletwa ameokotwa yeye. Hospitali ikaleta mfuko wa unga, dumu la mafuta na maneno mazuri. Unga uliisha kwanza. Maneno mazuri yapo mpaka leo.

Ghorofa ya chini ya nyumba yao ya mawe alikaa baba yake Nashwan, Mzee Kaid, mwashi aliyestaafu, mtu wa goti bovu na ulimi mzima. Nabiha alimwita Ami, kama wake wa watoto wote wanavyowaita baba wakwe zao. Siku ya kumwambia alimpikia mchuzi wa salta, akamwekea mbele yake ikichemka bado, povu la uwatu limefura juu.

"Ami, chuo kinachukua wanawake. Wajane wa wahudumu wanatangulizwa. Nataka kuingia."

Mzee alimega mkate, akachovya, akatafuna kwanza. "Kazi iliyomla mwanangu sasa inamtaka na mkwe wangu? Haijashiba?"

"Haikumla kazi. Vilimla vita."

"Vilikula pamoja, sahani moja."

"Basi tukae, Ami. Tuwapikie watoto sifa za baba yao. Arwa tumpakulie ujasiri, Hanan tumpakulie heshima, na wewe tukubakizie ukoko."

Mzee Kaid alitaka kucheka, akajizuia, akajifanya kakohoa. Akala mpaka chungu kikaonekana kitako, ndipo akauliza, "Na hilo gari utapanda na nani?"

Hapo ndipo penyewe. Maana wenye nguvu waliporuhusu wanawake waingie chuoni, walitoa na amri yao: mwanamke asipande gari la wagonjwa bila maharimu wake. Baba, kaka, mume, mwana, baba mkwe, yeyote kati ya hao, mradi awepo, akae kwenye kiti cha nyuma ya dereva, safari ya kwenda na ya kurudi. Nabiha baba yake alikwishakufa. Kaka mmoja alizikwa, wa pili alivuka mpaka na hata salamu haleti. Mtoto wa kiume hana. Dunia nzima pamoja na wanaume wake wote ilimbakishia mzee mmoja mwenye goti bovu. Akikataa huyo, hakuna chuo, hakuna kazi, hakuna mkate.

"Na wewe, Ami," alisema Nabiha.

"Mimi!"

"Nani mwingine?"

Mzee alinawa mikono, akajifuta polepole kila kidole. "Nikizaliwa tena," alisema, "nitaomba nizaliwe jiwe. Jiwe haliombwi kitu." Lakini kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni, shali begani, jambia kiunoni, anamhimiza Nabiha kwamba anachelewa.

Basi ungelikwenda ungelicheka. Darasa lilikuwa madarasa mawili. Mbele wamekaa wanawake na mabaibui yao, wanaandika. Nyuma, chini ukutani, wamejipanga maharimu: wazee, vikongwe, kaka aliyekatika mguu, baba anayesinzia, kila mmoja na kifurushi chake cha mirungi. Vijana wa kiume waliobaki katika darasa walikuwa wanne tu, wamebanwa pembeni dirishani kama wageni wasioalikwa. Mwalimu Munif, aliyefundisha tangu enzi za madume, alikuwa akieleza mishipa ya damu, mara kutoka ukutani:

"Ustadhi, hiyo damu ikitoka puani udhu unatenguka?"

"Mzee wangu, hili ni somo la kuokoa mtu."

"Na mimi nauliza jinsi ya kumwokoa, asije akaswali bila udhu."

Wanawake wanainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Munif anafuta ubao uliokwisha kufutwa.

Ilipofika zamu ya mazoezi ya mikono, shida ikawa nyingine. Sanamu la kufundishia lilikuwa moja, nalo shingo imevunjika. Wanawake walishikana wenyewe kwa wenyewe, wawili watatu, lakini lazima ujifunze na mwili wa mwanamme, uzito wake, kifua chake, na wanawake hawa hawawezi kuwashika wale vijana wanne. Munif akawatazama wazee ukutani. Akaona mali iliyokaa bure. Tangu siku ile kila mwanafunzi akawa anajifunzia juu ya maharimu wake.

"Mzee Kaid, njoo ulale."

"Nilale tena? Jana nilivunjika paja, juzi nilizama mtoni, na mto wenyewe hatuna."

"Leo umepoteza fahamu."

"Alhamdulillahi. Leo nitapumzika."

Alilala sakafuni, macho kayafumba kwa bidii, shavu bado limejaa. Munif akamtemesha mirungi kwanza. "Sikilizeni," aliwaambia wote. "Asiyejitambua ukimwacha chali, matapishi yake mwenyewe yatamwua. Mgeuze ubavu, mdomo uangalie chini, umsafishe koo, na usimwache. Akikuita mama yako, usimwache. Gari linaruka kwenye mashimo, yeye hana nguvu ya kujishika, wewe ndiye mkono wake."

Nabiha alipiga magoti. Alimshika bega la kushoto.

"Siyo hilo! Hilo limebeba mawe miaka arubaini. Unataka kuniua kweli?"

"Aliyepoteza fahamu hasemi, Ami."

"Mimi napoteza za miguu tu, za mdomo ninazo."

Tangu hapo Nabiha alimgeuza kwa upande wa kulia. Mwaka mzima alimfunga bendeji, akamtia banzi, akamsikiliza moyo, akamhesabia pumzi. Mwili ule aliujua kuliko alivyoujua wa mumewe, Mungu amrehemu. Alijua mapigo ya mkono wake yanavyoruka kidogo kila baada ya hatua, kama mtu anayekwepa dimbwi. Alimwambia akaonwe na daktari. Mzee akamwambia daktari ni yeye, naye bado hajahitimu, basi angoje.

Na mzee naye alibadilika, ingawa ungemwambia angekuvunja mdomo. Alasiri barazani kwa wenziwe alikuwa akijisifu. "Nimekufa mara nyingi kuliko nyinyi nyote," aliwaambia, "na mke wa Nashwan kanirudisha kila mara. Nyinyi wake za watoto wenu hata chai hawawapi."

Sasa nifike kwa Shafika, maana bila yeye hamtaelewa.

Shafika alikuwa mdogo wao darasani, mdomo pilipili, mikono myepesi, Munif akimpenda kwa hilo. Maharimu wake alikuwa kaka yake, kijana wa soko la viungo, maana baba yao hatoki kitandani. Siku moja kaka yule alichukuliwa papo hapo sokoni, kilo ya bizari mkononi, akapakiwa lori la askari kwenda mpakani. Kesho yake Shafika akaja peke yake, macho mekundu nyuma ya nikabu, na zamu yake ilikuwa garini pamoja na Nabiha. Dereva, Sarhan, mtu wa makamo aliyewahi kuendesha na Nashwan, alilitatua jambo kabla hajawasha moto.

"Rahisi tu. Tukifika kizuizini, mzee aseme hawa wote wawili ni wake. Mkwe na binti. Vitambulisho vya wanawake hawaviangalii."

Mzee Kaid hakujibu. Nabiha alidhani kunyamaza ni kukubali.

Kizuizi kipo kwenye lango la mji. Mapipa mawili, mnyororo, na kijana wa bunduki mwenye ndevu zisizojaa. Alichungulia ndani akawaona wanawake wawili na mzee mmoja.

"Hawa nani wako, mzee?"

"Yule mke wa mwanangu."

"Na huyu?"

Sarhan alikohoa. Kijijini kulikuwa na mwanamke amekwama na uchungu tangu jana, wanamsubiri. Shafika alikuwa amekumbatia mkoba wa dawa kifuani.

"Huyu ana baba yake," alisema Mzee Kaid. "Mimi si baba yake."

"Ami," Nabiha alinong'ona.

"Nimeulizwa, nimejibu."

Kijana wa bunduki alimteremsha Shafika. Akakaa juu ya pipa chini ya jua mpaka baba yake mdogo alipoacha duka lake kuja kumchukua, na wiki ile ile chuo kikamfuta, kwa kuwa kilitakiwa kimfute. Mwanamke wa kijijini walimfikia, Nabiha akafanya peke yake kazi ya watu wawili, mama akapona, mtoto hakupona. Je, angepona mikono ingekuwa minne? Sijui. Wala Nabiha hajui.

Usiku ule ule ugomvi ulikuwa jikoni.

"Neno moja tu lingetosha, Ami. Binti yangu. Basi."

"Neno moja la uongo."

"Baba yake angekubusu mikono!"

"Mama Arwa, nisikilize. Nilikuwa na nyumba tatu nilizozijenga, zimeanguka. Nilikuwa na mwana, kaanguka. Nilichobaki nacho ni kwamba Kaid akisema, amesema kweli. Na hicho nikitoe kizuizini kwa mtoto wa watu?"

Nabiha alikuwa na jibu. Lilikuwa hapa, ncha ya ulimi, na lilikuwa kali. Akalimeza. Kwani mzee akikasirika akakaa nyumbani kesho, nani atakalia kile kiti? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao wote waliokuwa darasani wameinama mpaka migongo ikauma. Akaosha sufuria. Alimchukia mzee yule kwa muda wa kuosha sufuria mbili na sinia, kisha akampelekea chai, kwa sababu ndiyo saa yake ya chai.

Miezi ikapita. Chuo kikakaribia kufunga mwaka, wakaitwa wapiga picha. Wanawake wakapangwa mstari wa mbele na fulana nyekundu juu ya mabaibui, vijana wanne wakasimama nyuma. Maharimu wakajisogeza nao, wamefunga vilemba vipya, Mzee Kaid kajipaka wanja. Mpiga picha akapunga mkono.

"Wazee wangu, tafadhali, sogeeni pembeni. Mnaziba."

"Tunaziba nini?" aliuliza Mzee Kaid. "Bila sisi hapa kuna picha?"

"Ni ya wahitimu, mzee."

"Mimi nimefia kwenye sakafu hii mwaka mzima, wewe waniambia ya wahitimu!"

Walisogezwa. Picha ikachapwa kubwa kuliko mlango wa msikiti, ikasimamishwa kando ya barabara, baada tu ya kizuizi, ili kila mgeni anayeingia Husni aione: WANAWAKE WETU, MIKONO INAYOOKOA. Kila walipopita, mzee alikuwa akiitolea ulimi.

Zamu ya mwisho ya Nabiha ilikuwa Jumanne. Alhamisi angepewa cheti, na Jumamosi angeanza kazi ya mshahara, gari lile lile, dereva yule yule, kiti kile kile na mzee wake ndani yake. Waliitwa kijiji cha mbali, wakafika wakakuta aliyeungua ni mtoto, tena kidogo tu, wakamfunga wakamwacha na mama yake. Wakarudi na gari tupu. Siku nzuri, Sarhan anaimba kwa pua, mzee anatafuna na kulalamika kwamba mirungi ya siku hizi ni majani ya kulishia mbuzi.

"Jumamosi nikianza kulipwa nitakununulia ya mlimani, Ami," alisema Nabiha.

"Jumamosi utanunua unga. Mirungi utanunua Jumapili."

Wakacheka. Kisha mzee akataka kusema neno jingine, likatoka limepinda. Nabiha aligeuka. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeteremka, na mirungi ilikuwa inamwagika kutoka shavuni juu ya shali yake safi. Mkono wa kulia ulikuwa unatafuta kitu cha kushika na haukipati.

"Sarhan! Kiharusi! Kimbiza!"

Alimvua jambia. Alimshusha kitini akamlaza kwenye machela, naye alikuwa mzito kuliko alivyokuwa darasani, maana darasani alikuwa anasaidia kwa siri. Akamgeuza upande wa kulia, bega la kushoto asiliguse. Mzee akatapika. Nabiha akamsafisha koo kwa mpira wa kufyonza, akamvisha barakoa ya oksijeni, akaivua alipotapika tena, akamsafisha tena, akamrudishia. Magoti yake yalikuwa yamekaza machela, mkono mmoja kiunoni mwa mzee, mwingine chini ya taya. Gari likaruka, hakumwachia. Mzee alikuwa na jicho moja wazi, linamtazama, na vidole vya mkono wa kushoto vimeshika upindo wa baibui.

"Kaa na mimi, Ami. Zoezi kama mazoezi yote. Leo nakuruhusu hata kusema."

Kizuizini Sarhan alipiga honi kutoka mbali. Mnyororo haukushuka. Alikuwa yule yule kijana wa ndevu zisizojaa, sasa zimejaa kidogo. Alizunguka akafungua mlango wa nyuma.

"Maharimu wa huyu mwanamke yuko wapi?"

"Huyu hapa!" alipiga kelele Sarhan. "Huoni? Ndiye mgonjwa! Si umemwona mwenyewe asubuhi tukitoka?"

"Asubuhi alikuwa amekaa. Sasa amelala." Kijana alisogea, akamtazama mzee usoni. "Amri inasema mtu mwenye akili timamu, anayejitambua. Huyu hajitambui."

"Yakhe, una wazimu? Mtu anakufa!"

"Gari lipite. Mie sijalizuia gari. Mwanamke ashuke."

Nabiha hakunyanyua kichwa. "Kaka yangu, sikiliza. Nikimwachia atajipindua, atasongwa na matapishi. Dereva hawezi kuendesha na kumshika. Hospitali ni hapo tu. Nipitishe, kisha njoo unifunge."

"Watanifunga mimi. Mwenzangu alipitisha mmoja wiki iliyopita, mpaka leo yuko ndani."

"Mie kaka yake," alisema Sarhan. "Kaka yake wa kunyonya, ziwa moja. Wallahi."

"Jana hukuwa kaka yake."

"Basi panda wewe!" alisema Nabiha. "Panda, nikuoneshe pa kushika, mimi nitakaa hapa nilinde mnyororo wako!"

Kijana alitazama barabara, akatazama kibanda walimokuwa wakubwa wake. Kwa kitambo alikuwa mtoto tu. Kisha akamtazama mzee tena, akamtambua.

"Huyu namjua. Si ndiye aliyekataa kusema uongo kwa yule msichana? Mzee mkweli sana. Angekuwa mzima, angeniambia mwenyewe: amri ni amri."

Jicho la mzee lilikuwa wazi. Alisikia au hakusikia, Mungu ndiye ajuaye. Upande wa mdomo uliobaki mzima ulisogea chini ya barakoa, ukatoa sauti isiyo na neno, na vidole vikakaza ule upindo wa baibui.

Kila dakika ya maneno ilikuwa inakatwa katika uhai wake. Nabiha alilijua hilo vizuri, ndilo alilofundishwa. Akasokota shali ya mzee akaisukuma mgongoni mwake iwe kigingi. Akamfunga na mkanda wa machela, mwingine akaukosa kwa kuwa ulikatika zamani na hakuna aliyeushona. "Sarhan, polepole kwenye mashimo. Simama kila kona umtazame mdomo." Kisha akavifungua vidole vya mzee kutoka kwenye nguo yake, kimoja kimoja, na kile cha mwisho kilirudi kikashika tena. Akakifungua tena. Akashuka.

Gari likaenda. Kijana akamletea kiti cha plastiki na chupa ya maji. "Kaa, dada. Jua kali." Nabiha akabaki amesimama.

Sarhan alirudi bila king'ora, gari linatembea kama lori la mawe, na kabla hajafungua mlango Nabiha alikwishajua. Sarhan alikuwa amesimama kila kona, kama alivyoambiwa. Kona ya tatu alimkuta chali.

"Hospitali walisema kama kungekuwa na mtu nyuma..." alianza Sarhan. Akaegemea mlango wa gari akalia kwa sauti, mbele ya watu.

"Nipeleke," alisema Nabiha.

Kijana wa bunduki alikuwa amesimama kando. Alisema kwa upole, na upole ule ndio unaonitia hasira mpaka kesho: "Dada, pole sana. Lakini sasa huna maharimu. Garini huwezi."

"Na kwa miguu?"

Alifikiri. "Kwa miguu hawakusema."

Basi akaenda kwa miguu. Alipita chini ya ile picha kubwa, yeye mwenyewe yumo mstari wa mbele, fulana nyekundu, wazee wamesogezwa pembeni. Nyuma yake Sarhan alimfuata na gari tupu, gia ya kwanza, taa zinawaka, mpaka mjini. Watu wakatoka madukani kutazama. Baadaye matangani walisema mchimba kisima kaingia mwenyewe. Sitaki kuusikia msemo huo. Kisima kile Kaid hakukichimba, alikikuta kimechimbwa, na waliokichimba hawajawahi kukaa kwenye kiti kile hata siku moja.

Mlangoni mwa chumba cha maiti kulikuwa na bawabu, amekaa, redio sikioni. Hakuwa na bunduki wala amri. Alimtazama mwanamke mwenye vumbi mpaka magotini.

"Wewe nani wake?"

"Binti yake," alisema Nabiha.

Bawabu hakuuliza kitambulisho. Akainuka, akamfungulia mlango.